Kitabu cha Norwei kilimjuaje mjomba wangu wa Mufindi?

#1 Mwana wa Kambi

Habari za jioni wanajukwaa. Nina jambo nimekaa nalo miaka mingi, leo nalileta kwenu, hasa mnaosoma riwaya.

Nimezaliwa kambi ya vibarua wa shamba la miti la Sao Hill, Mufindi. Baba alikuwa wa kupogolea mipaina, mama alikuwa bustani ya miche. Nyumba yetu ilikuwa ya mabanzi. Ukifungua dirisha ni mipaina, ukienda kisimani ni mipaina, ukipotea unapotelea kwenye mipaina. Juni na Julai ukungu unashuka na kukaa mpaka saa nne asubuhi. Unasikia panga la mtu likipogoa, mwenyewe humwoni.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne nilinunua kitabu kikuukuu Iringa mjini, kwa muuza vitabu anayetandika chini. Nilikichukua kwa ajili ya jalada, lilikuwa na ndege. Kumbe ni Fuglane, yaani Ndege, riwaya ya Mnorwei aitwaye Tarjei Vesaas, ya mwaka 1957, katika tafsiri ya Kiingereza. Inamhusu Mattis, mtu wa miaka 37 ambaye akili yake haiendi kwa mwendo wa wenzake. Anaishi na dada yake Hege kwenye kinyumba kando ya ziwa, msitu umewazunguka. Hege anafuma masweta, ndiyo wanakula. Mattis akipata kibarua cha kupunguzia miche ya tanipu shambani kwa mtu, anaanza vizuri na mstari wake, halafu mawazo yanaingia, vidole vinagoma, wenzake wanamwacha nyuma.

Hapo nilikifunga kitabu nikatoka nje. Yule ni mjomba, kaka yake mama. Mjomba naye alikuwa bustanini, kazi yake kujaza udongo kwenye viriba. Anajaza vitatu, cha nne anabaki nacho mkononi anaangalia ndege. Nyapara akija kuhesabu, idadi haijatimia, siku haiandikwi. Mama akimaliza viriba vyake alihamia kwenye vya kaka yake. Siku nyingine walirudi giza limeshaingia, mama mbele, mjomba nyuma, kucha za wote wawili zimejaa udongo mweusi. Watu walimpachika mjomba jina ambalo sitaliandika hapa. Mattis naye watu wa kwao walimpachika lake.

Swali langu: ilikuwaje mtu aliyezaliwa 1897 huko Vinje, Telemark, akamjua mjomba wangu? Tangu siku ile nimemsoma kila Mnorwei niliyempata, na kila msitu unapoingia kwenye ukurasa najiona niko nyumbani. Niliosoma nao wanasema vitabu hivyo vina baridi na hakuna kinachotokea. Ni msitu? Ni umaskini? Ni nini?

#2 Karani Mstaafu

Nimewahi siti ya mbele. Mleta uzi, ahsante. Huyu Vesaas si ndiye aliyepata Nobeli?

#3 Bwana Miti

Hapana mkuu. Nobeli ya fasihi Wanorwei wamepata wanne: Bjørnson 1903, Hamsun 1920, Sigrid Undset 1928 na Jon Fosse 2023. Vesaas alipendekezwa mara nyingi, akafa 1970 hajaipata. Yake ni tuzo ya Baraza la Nordiki, 1964, kwa Is-slottet, yaani Kasri la Barafu.

Kwenye swali sasa. Mimi ni mtu wa misitu. Nilisoma Morogoro, halafu nikapelekwa Ås, kusini kidogo ya Oslo, kwenye chuo chao cha kilimo na misitu. Wa rika langu mtakumbuka kwamba kitivo cha misitu cha Morogoro kilianza miaka ya 1970 kikiwa bado chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Norwei ndiyo iliyokibeba kwa fedha na walimu.

Jibu langu ni sikio. Upepo kwenye majani mapana unapiga makofi, kwenye majani ya sindano unavuma kama maji ya mbali, hauanzi wala haukomi. Chini ya mti wa sindano pana giza hata saa sita mchana, miguu haisikiki kwa sababu umekanyaga godoro la sindano zilizokauka, na hewa ina harufu ya utomvu. Mtoto aliyelelewa humo ana mwili uliokwisha kuzoea. Akisoma Mnorwei anayeandika ukimya wa msitu, yeye tayari anao, mwenzake wa Kigamboni itabidi auwaze. Siku ya kwanza niliyoshuka Ås na kuingia msituni peke yangu nilifumba macho, nikajiona niko Mafinga.

#4 Mwana wa Kambi

Bwana Miti, hilo la godoro la sindano limenigusa. Tulikuwa tunatelezea pale juu ya mabanzi, jioni mama anatuchomoa sindano kwenye sweta moja moja.

#5 Binti wa Kaya

Natoa salamu kutoka Kilifi. Kaka Bwana Miti, nakuheshimu ila sikubaliani. Mpaina wa Sao Hill umetoka Meksiko, umepandwa kwa mstari, una tarehe ya kukatwa. Huo ni mhindi mrefu. Msitu wa kwenye vitabu vya Norwei ni kitu kingine, ni mahali penye mwenyewe.

Kwetu kuna makaya ya Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, yaliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2008. Bibi alinifundisha kwamba ukiingia kaya hutoki hata na kijiti kikavu, na hupigi kelele. Nilipokuja kusoma ngano za Wanorwei zilizokusanywa na Asbjørnsen na Moe kuanzia miaka ya 1840 niliona adabu ileile. Wana huldra, mwanamke mzuri wa msituni mwenye mkia wa ng'ombe. Usimcheke huo mkia. Ukimtendea kwa heshima anakutendea, ukimdharau utajuta. Na Asbjørnsen huyo alikuja kuwa bwana misitu wa serikali! Miti na ngano alizishika mkono mmoja.

Kwa hiyo mleta uzi, unachokisikia ni kwamba Wanorwei hawajasahau msitu una mwenyewe. Mjomba wako pia hakusahau, ndiyo maana akawa anasimama kuangalia ndege wakati wengine wanahesabu viriba.

#6 Bwana Miti

Dada, mhindi mrefu umenichoma lakini ni kweli kwa sehemu. Ila na wewe nikusahihishe: msitu mwingi wa Norwei unaouona leo nao ni wa kuvunwa. Baada ya vita kuu ya pili walihamia kukata eneo zima kwa mkupuo na kupanda upya, na pwani ya magharibi, ambako mti wao wa sindano uitwao gran haukuwa mwingi, walipanda hata kwa mikono ya wanafunzi wa shule. Tofauti ni muda tu. Mpaina wa Sao Hill unafikia kuvunwa kwenye miaka ishirini hivi, gran unachukua 60 hadi 100, pengine zaidi. Anayepanda kule anajua atakayekata ni mjukuu.

#7 Karani Mstaafu

Sasa hapo ndipo penye utamu! Oslo, kwenye msitu wa Nordmarka, walipanda miche 1,000 mwaka 2014, kazi ya msanii wa Uskoti Katie Paterson. Kila mwaka mwandishi mmoja anakabidhi mswada ambao hakuna anayeusoma, unafungiwa kwenye chumba maalumu cha maktaba ya Deichman, na mwaka 2114 miti itakatwa kuwa karatasi ya kuchapia vitabu hivyo vyote. Alianza Margaret Atwood. Wa Afrika yumo: Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, mswada wake unaitwa Narini and Her Donkey. Jina tu ndilo tunalojua. Mimi nina miaka 68, na nikiwaza kwamba punda wa Narini anasubiri wajukuu wa wajukuu zangu, roho inanisisimka.

#8 Kibibi wa Unguja

Babu Karani, tusije tukapotelea Nordmarka, turudi kwa mjomba. Naomba kwanza muache kutusimulia mwisho wa vitabu, mimi Fuglane nimeagiza juzi.

#9 Ndugu wa Glomma

Jambo ndugu zangu. Miye ni Mkongomani wa Fizi, niko Norwei miaka kumi na moja sasa, karibu na mto Glomma, upande wa mashariki, mpaka wa Sweden hauko mbali. Hapa ni msitu tu.

Nitasema jambo ambalo halijasemwa. Kwetu Fizi, nilipokuwa mtoto, msitu ulikuwa mahali pa kukimbilia. Wakisema wanakuja, tunaingia porini, mama anamziba mtoto mdomo. Nilipofika hapa kupitia kambi ya Uganda walinipa nyumba nzuri, na msitu unaanza pale nyuma ya kamba ya nguo. Miaka miwili sikuingia. Majirani wanaingia na watoto, na vikapu, wanacheka. Huku kuna haki inaitwa allemannsretten, imeandikwa kwenye sheria ya 1957: msitu wa mtu yeyote unaruhusiwa kupita, kuchuma matunda ya porini, hata kulala kwenye hema, mradi uwe mita 150 kutoka kwenye nyumba. Walinieleza sheria. Miguu haikuelewa sheria.

Aliyeniingiza ni mzee jirani yangu, alikuwa mkata miti zamani. Alikuja Septemba na ndoo mbili, moja akanipa, hakusema neno. Tukachuma tyttebær, ni tunda dogo jekundu, lina uchachu. Saa tatu nzima alisema labda maneno kumi. Niliporudi nyumbani nikaona mikono haitetemeki.

Fuglane tulisoma kwenye darasa la lugha. Kwa Kinorwei chake Vesaas sentensi ni fupi, kama mtu wa shamba anavyoongea akiwa na kazi mkononi. Mwalimu alisema ameandika kwa nynorsk, si kwa Kinorwei cha wenye mji. Kuna pahali Mattis anakuta alama za miguu na mdomo wa ndege wa msituni aitwaye rugde kwenye tope, anaona ni barua. Anachukua kijiti anamjibu. Nilimwambia mwalimu: huyu si mjinga, huyu anasoma msitu. Kwetu mtu asiyejua kusoma tope hakufika hai.

#10 Mwana wa Kambi

Ndugu wa Glomma, nimesoma mchango wako mara tatu. Pole kwa hayo, na karibu sana kwenye uzi.

#11 Paka wa Elburgon

Niko Nairobi ila nyumbani ni Elburgon, mji wa mbao. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kupasua magogo tangu nikiwa mdogo, vidole viwili vya mkono wa kushoto viliishia huko. Hakuwa mtu wa maneno. Alipolazwa nilikaa kando ya kitanda wiki tatu na riwaya ya Per Petterson, Ut og stjæle hester, ya 2003. Mzee mmoja, Trond, anakaa peke yake kwenye nyumba ya msituni akikumbuka kiangazi cha 1948, alipokuwa kijana akikata magogo na baba yake, wakayatia mtoni yaelee mpaka Sweden.

Kwa hivyo jibu langu si miti wala mizimu. Ni kazi. Kwenye vitabu hivyo mtu na baba yake hawaambiani nakupenda, wanashika ncha mbili za msumeno mmoja. Baba yule akivuta, mwana anavuta. Mimi na wangu tulikuwa hivyo. Nilimsomea kurasa kadhaa nikizigeuza kwa Kiswahili papo hapo. Kwenye ile ya kupanga magogo alinisimamisha, akasema hapo wamekosea, gogo la chini halikai hivyo. Hiyo ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizonipa hospitalini.

#12 Bwana Miti

Mzee alikuwa fundi huyo. Ukweli ni kwamba kupanga kuni na magogo Norwei ni jambo zito. Lars Mytting alitoa kitabu kizima cha kuni, Hel ved, 2011, kikauzwa sana. Mwaka 2013 televisheni ya taifa ikarusha kipindi cha usiku kucha cha kuni, sehemu kubwa ni moto unawaka tu, na watazamaji wakagombana kama gome liangalie juu au chini.

#13 Ndugu wa Glomma

Jirani yangu anasema juu, mvua isiingie. Mke wake anasema chini. Wako kwenye ndoa miaka 40.

#14 Msema Kweli Daima

Mnaongea vizuri, lakini mmeruka shimo. Huwezi kusema fasihi ya msitu wa Norwei usimtaje Knut Hamsun, na ukimtaja utaje yote. Pan ya 1894, Luteni Glahn na mbwa wake kwenye kibanda cha msituni huko Nordland, na Markens Grøde ya 1917, Isak anaingia nyika tupu, anakata, analima, anajenga. Nobeli aliipata kwa hicho cha pili. Halafu mtu huyohuyo akaunga mkono Unazi, na medali ya Nobeli akampa Hitler.

Na ile nyika tupu haikuwa tupu. Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, walikuwepo kabla ya Isak. Kwenye kitabu wanapita kama vivuli, tena kwa dharau. Sisi tuliosoma historia ya Afrika Mashariki tunalijua neno ardhi tupu. Mleta uzi anaposema yuko nyumbani ndani ya vitabu hivi, aangalie ni nyumba ya nani.

#15 Karani Mstaafu

Sahihisho dogo: medali alimpelekea Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, 1943. Hitler alikutana naye mwaka huohuo, na Mei 1945 akaandika tanzia ya kumsifu kwenye gazeti la Aftenposten, wakati watu wote wanashangilia vita kwisha. Baada ya vita walimshtaki, akatozwa faini iliyommaliza. Alikufa 1952.

Sigrid Undset alikuwa upande wa pili kabisa. Medali yake aliitoa kusaidia watoto wa Finland, na Wajerumani walipoingia 1940 ilibidi akimbie, kwa sababu alikuwa amewapinga Wanazi hadharani miaka mingi.

#16 Msema Kweli Daima

Nimekubali sahihisho la Goebbels. Hoja yangu ya Wasami iko palepale.

#17 Mwana wa Kambi

Iko palepale kweli, wala siipingi. Markens Grøde nilikisoma mara moja. Nilipenda mikono ya Isak, sikupenda macho ya mwandishi. Na nikuambie jambo: hata shamba letu la Sao Hill, kabla ya mipaina palikuwa na majani na watu walikuwa wanachungia. Babu upande wa baba alikuwa anapaonyesha kwa fimbo, pale palikuwa kwa fulani, pale kwa fulani. Mimi nilikua naona miti tu.

Lakini Vesaas hana hilo. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mkulima, shamba la ukoo ndilo lililomsubiri, akalikataa ili aandike. Nadhani ndiyo maana aliweza kumtazama mtu asiyefaa kazi bila kumhesabia viriba.

#18 Mzee wa Mazombe

Shikamooni wakubwa, marahaba wadogo. Nimefuatilia kimya tangu jana. Mimi nina jibu la tatu, au la tano, nimepoteza hesabu.

Wanorwei hawakai kijijini kama tunavyokaa sisi leo. Kila ukoo na shamba lake, nyumba na zizi na ghala vimekusanyika peke yake, na kati ya shamba na shamba ni msitu. Ndiyo maana kwenye vitabu vyao mtu akija mlangoni ni tukio kubwa, kurasa tatu. Sasa nyinyi vijana mnadhani Wahehe na Wabena walizaliwa vijijini. Kabla ya Operesheni Vijiji, miaka ya 1970 ile, tulikaa mbalimbali, kila mtu kwenye kilima chake. Mama yangu alikuwa anamtambua mgeni kwa mbwa: mbwa wa nani amebweka kwanza, mgeni anatokea njia gani, ataka nini. Tulihamishwa nikiwa na miaka kumi na mmoja. Usiku wa kwanza kijijini hatukulala, kila nyumba ilikuwa inakohoa.

Kwa hiyo kijana, unachokikumbuka kwenye kitabu si msitu. Ni nafasi kati ya watu. Wewe hukuiishi, waliokulea waliiishi, wakakupa bila kujua.

#19 Mwana wa Kambi

Marahaba... samahani, shikamoo mzee! Nimechanganyikiwa kwa furaha. Lakini kambini tulibanana, nyumba na nyumba ukuta mmoja. Nafasi hiyo ningeipata wapi?

#20 Mzee wa Mazombe

Marahaba. Kwa mjomba wako. Alikuwa anakaa mbali hata akiwa kando yako.

#21 Binti wa Kaya

Mzee, hapo umefunga goli.

#22 Paka wa Elburgon

Mimi bado niko kwa kazi. Ila nafasi kati ya watu inaelezea kwa nini baba zetu hawakuongea.

#23 Mwalimu wa Sarufi

Nimechelewa. Hakuna aliyegusa lugha isipokuwa Ndugu wa Glomma, naye amepita haraka. Nynorsk haikushuka kutoka mbinguni. Norwei ilikaa karne nne chini ya Denmark, lugha ya kuandika ikawa ya Kidenmark. Ivar Aasen, mtoto wa mkulima, akazunguka vijijini miaka ya 1840 akikusanya lahaja, akazijenga kuwa lugha ya kuandika, na 1885 bunge likaipa hadhi sawa na ile nyingine. Vesaas na Fosse wote wameandika kwa hiyo. Fasihi ya nynorsk inabeba sauti ya mtu wa nje ya mji anayesema: na mimi naandikika.

Sisi wa Kiswahili tuna upande wetu wa jambo hili. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa sanifu mwaka 1928 huko Mombasa, na lahaja nyingine zikabaki nyumbani. Mtoto wa Mufindi anayeongea Kihehe na mama, Kiswahili kambini, Kiingereza darasani, anaitambua lugha iliyotoka kwenye mdomo wa shamba.

#24 Msema Kweli Daima

Mwalimu, jamaa kasoma kwa Kiingereza. Nynorsk imempitia wapi?

#25 Mwalimu wa Sarufi

Kwenye mwendo wa sentensi. Mfasiri mzuri habadilishi mwendo.

#26 Ndugu wa Glomma

Mwalimu yuko na haki kidogo, si yote. Nilisoma Fosse pia, Kvitleik ya 2023: mtu anaendesha gari bila kujua anakwenda wapi, linakwama mwisho wa njia ya msituni, theluji inaanguka, anaingia mwituni usiku na kukutana na kitu cheupe kinachong'aa. Nynorsk ileile, mwendo mwingine kabisa. Kitabu kile sikukimaliza usiku. Nilingoja asubuhi.

Na mzee wangu mkata miti hasomi Vesaas wala Fosse. Anasoma Hans Børli, mshairi wa Eidskog aliyekuwa mkata miti kweli, mchana shoka, usiku kalamu, mpaka alipofariki 1989. Nilimwuliza kwa nini anampenda. Akasema: alijua uzito wa gogo lililolowa. Basi, hakuongeza.

#27 Kibibi wa Unguja

Kitabu kimefika, nimekimaliza jana usiku, na sasa nina maneno.

Jamani, michango ishirini na sita! Mmemsema Mattis, mmemsema ndege, mmesema upepo, huldra, medali, gome la kuni juu au chini. Hege yuko wapi? Mwanamke ana miaka 40, ujana wote umeishia kwenye sindano za kufumia ili kaka yake ale. Anakaa pale anafuma maua ya petali nane, sweta baada ya sweta, huku Mattis anamwamsha usiku kumwambia ndege amepita juu ya nyumba. Akija mkata miti Jørgen kupanga chumba, Hege akapenda, mimi nililia kwa furaha. Hapo ndipo wasomaji wote wanapoanza kumwonea huruma Mattis. Mimi nilishangaa: hakuna aliyemhurumia yule dada tangu ukurasa wa kwanza?

Mleta uzi, kwenye simulizi yako mwenyewe, aliyejaza viriba vya watu wawili ni nani?

#28 Karani Mstaafu

Tumekaa kimya wote.

#29 Bwana Miti

Kibibi umenirudisha kitabuni. Ile mipopla miwili mikavu karibu na nyumba yao, watu waliipa jina Mattis-na-Hege. Radi inapiga mmoja, na Mattis hajui ni wa nani. Nimekuwa nikiusoma mti ule kama wa Mattis siku zote, sikuwahi kujiuliza upande wa pili.

#30 Mwana wa Kambi

Samahani kwa kupotea siku nne. Nilikwenda nyumbani.

Mama sasa anakaa Mafinga, mjomba alifariki muda kidogo. Nilibeba kitabu. Jioni nikamsomea, nikigeuza kwa Kihehe, ile sehemu ya shamba la tanipu na ile ya barua kwenye tope. Nilitegemea atasema huyu ni kaka yangu. Alisikiliza, macho kwenye kazi yake, maana anafuma vitambaa vya makochi, mkono haukusimama hata mara moja. Nilipofika mwisho akaniuliza: "Huyo dada alikuwa anamuuzia nani masweta, huko msituni?"

Nikamwambia watu wa mashamba ya jirani. Akauliza bei. Sikujua. Akauliza kama kaka yake alikuwa akimletea uzi au aliufuata mwenyewe. Sikujua pia. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: mwaka ambao mimi sijazaliwa, aliwahi kupewa nafasi ya kwenda Makambako kujifunza cherehani, na hakwenda kwa sababu mjomba angebaki na nani wa kumjazia. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya sukari. Akarudi kwenye kitambaa.

Kwa hiyo sijui tena kama swali langu la kwanza lilikuwa sahihi. Nimelala pale siku mbili, usiku upepo kwenye mipaina uko vilevile.

Ndugu wa Glomma, nina ombi. Mama ametaka kuyaona yale maua ya petali nane. Kama huko yapo kwenye sweta za kawaida, nipigie picha ya karibu, mishono ihesabike.

#31 Ndugu wa Glomma

Yapo, ndugu. Huku yanaitwa åttebladrose, yako kwenye soksi, kwenye glavu, kila mahali. Mke wa jirani ana sweta ya zamani ya mama yake. Nimemweleza habari ya mama yako, ameitandaza mezani karibu na dirisha. Anasema ahesabu kutoka katikati kwenda nje, asianzie pembeni. Picha nakutumia sasa hivi, jua likiwa bado lipo, maana mwezi huu saa tisa na nusu giza limefika.